Kalunguyeye Aliyekaa Eda

Mie Mwajabu sikuumbwa kukaa kitako. Miaka kumi na tisa nauza kahawa stendi ya Kibiti, na kahawa hapa kwetu ni kazi ya wanaume. Mwanamke akishika mdila, birika la kahawa, watu wanamtazama kama kavaa kanzu. Wakanitazama mpaka wakachoka. Madereva wa malori ya Lindi wakishuka na macho mekundu walikuwa wananiita kutoka mbali: "Mama, lete hiyo inayofufua maiti!" Nami nacheka, na kikombe cha nyongeza nawapa. Siku hizi wakisema hivyo sicheki.

Mume wangu Abubakary alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Nikiwa nimepoa namwita Baba Kheri, kwa jina la kijana wetu aliyeko Mtwara. Nikiwaka namwita Abubakary, tena kwa kuivuta ile "ry" ya mwisho mpaka majirani wasikie. Asubuhi moja mwishoni mwa Juni nilirudi kutoka stendi saa mbili nikamkuta bado kalala, na wateja wawili wamesimama na baiskeli zao uani. Nikawaka.

"Abubakary! Amka wewe, gogo la mkoko! Umekuja duniani kulala?"

Nikamwekea kikombe cha kahawa karibu na kichwa. Nikachukua ufagio, nikafagia chumba huku nafoka, kwamba aibu gani hii, kwamba watu wanangoja, kwamba mimi nimeshatwanga na kuuza na yeye hajafumbua hata jicho. Robo saa nzima, wallahi. Kisha nikamshika mguu ili nimvute. Ulikuwa wa baridi.

Gogo la mkoko! Miaka ishirini na sita ya ndoa, na neno langu la mwisho kwake ni hilo. Sikumwambia mtu. Watu walinisifu kwa uvumilivu kwa sababu sikulia, wala sikuwaeleza kuwa chozi lilikataa lenyewe.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna stendi. Wifi yangu Hafsa, dada mkubwa wa marehemu, nyumba yake imepakana na yangu, naye alijipa kazi ya kunilinda kama mimi ni kuku mgonjwa. Nikichungulia dirishani, kakohoa. Nikiinua sauti, kaja. Tulikuwa hatupendani sana, nisiwe mnafiki, lakini chakula aliniletea kila siku na hakuwahi kunisimanga kwacho.

Chumba changu cha nyuma kina ukuta wa udongo na paa la makuti, kina ubaridi na giza jepesi hata mchana. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka nautazama mwanga wa tundu la dirisha ukitambaa sakafuni, asubuhi uko miguuni pangu, adhuhuri magotini, alasiri unapanda ukutani na kupotea. Honi za mabasi zikifika humo zilikuwa zimeshachoka. Mdila wangu nilikuwa nao, na jiko dogo la mkaa, na ninakunywa kahawa chungu mchana kutwa, kikombe juu ya kikombe. Nikifumba macho namwona Abubakary na kikombe karibu na kichwa, kwa hiyo sikutaka kufumba.

Katikati ya Julai akaja Warda. Huyu ni binti wa kaka yangu wa Chumbi, msomi, yuko chuo Morogoro anasomea mambo ya ubongo wa wanyama. Alikuwa na kisanduku cha mbao kifuani kakikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shangazi, shikamoo. Nina mgeni, naomba nimlaze kwako."

"Marahaba. Mgeni gani wa kukaa kwenye sanduku?"

Akafunua kidogo. Ndani ya majani makavu mlikuwa na kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba mifupi anayejikunja duara ukimgusa. Wakulima wa Mtunda walimfukua walipokuwa wanasafisha shamba. Warda alikuwa na kalunguyeye wengine pale alipopanga hapa Kibiti, lakini chumba chake kimepakana na mashine ya kukoboa mpunga, na huyu alikuwa anashtuka.

"Kibiti nzima nimezunguka," akasema, "hakuna chumba kimya kama cha mwanamke aliye eda."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Hafsa akakohoa ukutani.

Warda akaliweka sanduku juu ya mizani ndogo, akapitisha uzi mwembamba chini ya majani, na uzi ule unaonyesha joto la mnyama kwenye kioo kidogo cha namba. Uzito gramu mia nne thelathini na moja. Akaniambia: kiangazi wadudu wanaadimika, kalunguyeye anajizima mpaka mvua irudi. Atapoa. Pumzi itapotea kwa dakika nyingi. Usimguse, Shangazi, usimfunue, andika namba tu kila alasiri. Nikasema nimeelewa. Akasafiri Morogoro.

Niliambiwa, sikatai. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine.

Siku kumi na tatu baadaye, asubuhi, kioo kilionyesha ishirini na mbili. Nikafunua. Nikaweka kidole kwenye tumbo lake, pale pasipo na miiba. Baridi! Baridi ileile ya mguu. Nikasubiri pumzi, nikasoma Alhamdu yote, pumzi haikuja. Nikasema la, safari hii sifagii, safari hii sifoki, huyu simwachii.

Na mimi najua dawa gani duniani? Najua kahawa tu. Dereva akisinzia, kahawa. Mtu akizimia msibani, kahawa ya tangawizi. Nikachovya ncha ya kanga kwenye kikombe, nikamkamulia puani na mdomoni, tone moja, tone la pili, la tatu. Nikapasha viganja juu ya jiko nikamsugua kifua. "Amka, baba, amka. Amka taratibu, mie sikugombezi." Nikasugua mpaka viganja vikawa vyekundu.

Akatetemeka. Kwanza kidogo, kisha mwili mzima, miiba inalia kama mchele kwenye ungo. Namba zikapanda: ishirini na nne, ishirini na nane, thelathini na tatu. Akakunjuka. Akanitazama kwa vijicho viwili vyeusi, pua inachezacheza. Ilahi! Sikujizuia, nikapiga kigelegele.

Hafsa aliingia bila hodi. "Kigelegele! Ndani ya eda ya ndugu yangu! Mwajabu, umepata kichaa au umepata mchumba?"

"Kafufuka, wifi! Kahawa imemfufua!"

Alimtazama kalunguyeye, akanitazama mimi, akavuta mlango polepole akaenda zake. Nadhani aliniombea dua.

Yule mnyama hakulala siku mbili. Alizunguka, akakwaruza mbao, akagonga kona, na mimi nikawa nampigia soga kama mtu na shoga yake. Siku ya tatu akapoa tena. Nikaandika namba zote kwenye daftari kwa fahari, ili Warda aje aone shangazi yake alichofanya.

Warda alikuja akasoma ukurasa ule amesimama. Kisha akakaa chini.

"Mia tatu sabini na moja," akasema. "Shangazi, alikuwa mia nne na ishirini."

"Si alikuwa anakufa?"

"Alikuwa anaishi. Ndivyo wanavyoishi." Hakunifokea, na hilo liliniuma kuliko kufokewa. "Kuamka ndiko kunakowala. Inabidi awashe mwili wote kutoka baridi mpaka joto, na kuni zake ni mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Ulimshika, ukampasha, na ile kahawa ikamzuia asirudi."

"Kahawa imefanyaje? Vitone vitatu tu."

Ndipo akanieleza, taratibu, kwa lugha ya kwetu, na nashukuru hakunifanya mjinga. Alisema ubongo ukifanya kazi unaacha kitu kinaitwa adenosini, kama jiko linavyoacha majivu. Kichwani mna viti vyake. Adenosini ikiketi kwenye viti hivyo, ubongo unaanza kupunguza moto: kwetu sisi unakuja usingizi, na tukilala majivu yanazolewa. Kwa wanyama wanaojizima, msimu ukifika viti vile vinasikia amri hiyo kwa nguvu zaidi. Moyo unaenda polepole, njaa inanyamazishwa, na sehemu moja chini ya ubongo, inayopanga joto la mwili, inakubali baridi badala ya kupigana nayo. Wataalamu wamelijua hilo kwa kindi wa nchi za barafu; kwa kalunguyeye wetu wa nchi ya joto, yeye Warda ndiyo kwanza anatafuta.

"Na kahawa, Shangazi, inawahi vile viti. Inakaa tu, haina amri yoyote. Adenosini ikija inakuta pamejaa, inabaki imesimama mlangoni."

"Basi uchovu haujaondoka."

"Haujaondoka. Uko mlangoni unangoja kahawa iinuke."

Nikautazama mdila wangu. Uchovu wangu mie ulikuwa mlangoni tangu Juni, na kila ulipotaka kuingia nilimimina kikombe kingine. Nikamwaga ile kahawa kwenye majivu, na jiko nikalitoa nje.

Siku ile nilimweleza Warda yote. Ufagio, robo saa, gogo la mkoko. Nilimweleza nikiwa nimempa mgongo. "Aliye hai nilimdhania maiti," nikasema, "na maiti nilimdhania kalala. Nambie wewe uliyesoma: alinisikia?"

"Daktari si alisema alifariki kabla ya adhana ya alfajiri? Ubongo wake ulikuwa umeshanyamaza, Shangazi. Huyu wa kwenye sanduku ukimgusa anajua, ndiyo maana aliamka. Mjomba hakusikia hata neno moja."

Nikadhani nitapata nafuu. Sikupata. Ikawa kama nimepoteza hata lile tusi, na sasa sina neno lolote kati yangu naye.

Warda alinipa hesabu moja ya kushika. Akifika mia tatu, hana tena kuni za kuwashia moto. Na kwa mafuta yaliyobaki anaweza kuamka mara moja tu. Kumlisha haiwezekani, maana tumbo nalo limezima, na akila kisha apoe, chakula kitachacha humo humo. Akiamshwa kabla ya mvua na wadudu wake, atakufa akiwa macho. Mimi ndiye niliyemlia akiba, basi mimi ndiye niliyekuwa nalinda kilichobaki.

Hapo ndipo nilipokaa eda kweli. Agosti ikapita, Septemba. Sikusonga ovyo, mlango nilifunga kingo zake kwa kitambaa usigonge. Bila kahawa usingizi ulinijia mchana, wa vipandevipande, na ndani yake nilirudi delta nilikozaliwa, kisiwani, baba akiwa anakata mikoko. Maji yamekupwa, tope linapumua, vijizizi vya mikoko vimesimama wima kila mahali, na mama kanikalisha juu ya shina ananiambia nyamaza, Mwajabu, ukinyamaza, kaa wa topeni watatoka. Nami nanyamaza. Anatoka mmoja, wanatoka kumi, tope zima linatembea kwa wekundu. Nikiamka nilikuwa nashangaa: kumbe nilipata kujua kukaa kitako, nikasahau.

Nilimuuliza Warda kama mnyama aliyejizima anasahau. Akasema kwa wengine wataalamu wameona vijizizi vya ubongo vikijikunja katika baridi ile, vikaachana, na mnyama akiamka vinachipua na kushikana tena kwa muda mfupi. Kama vinashikana palepale pote, hakuna aliye na hakika. Nilikaa na hilo siku nyingi. Lilinitisha na kunibembeleza kwa pamoja.

Oktoba mvua haikuja. Mia tatu na tisa. Mia tatu na sita. Nilikuwa naamka na kuusoma ule uzito kabla ya kunawa uso. Mkono ulinisumbua, nataka nimguse, nataka nijue. Nilikuwa naukalia, wallahi, naukalia mkono wangu mwenyewe. Hafsa akaniona siku moja akasema kwa kejeli, "Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe." Watu husema hivyo wakimwonya mtu asimzindue mshindani wake. Mie nilimjibu, "Wifi, natamani nilale."

Eda ikaisha tarehe tano Novemba, na hapo ndipo balaa. Kumtoa mwanamke eda kwetu ni shughuli. Wanawake wanakuja asubuhi wanakuogesha, wanakuvika nguo mpya, udi, pilau, vigelegele mpaka barabarani, na Hafsa alikuwa amealika wanawake thelathini na mpiga ngoma. Asubuhi ile mizani ilisema mia tatu na mbili.

Nikamwita Hafsa chumbani. "Wifi, sitoki kwa kelele. Akishtuka leo amekufa, na aliyemuua ni mimi."

"Kwa hiyo ndugu yangu amalizwe eda yake kimya kama mwizi, kwa ajili ya panya wa miiba?"

Nilitaka kuwaka. Lakini nikasikia sauti yangu inatoka ndogo. "Nilimfokea ndugu yako akiwa maiti. Nilimwita gogo la mkoko. Hafsa, nimeshakosea mara mbili kuamsha watu. Nisaidie nisikosee ya tatu."

Alilitazama sanduku. Kisha akatoka, nikamsikia langoni: "Vueni ndala. Vueni nyote. Mpiga ngoma, pilau utapewa, ngoma iweke chini."

Mungu wangu, mtu hajaona kitu kama kile. Wanawake thelathini wa Kibiti wananong'ona! Walinimwagia maji kwa kata, taratibu, yasichuruzike kwa sauti. Walinifukiza udi huku wanabana vicheko kwenye kanga. Kuku mmoja alitaga akataka kutangaza, Hafsa akamfunika na tenga na kumkalia. Badala ya kigelegele kila mwanamke alinibusu kiganja, mmoja baada ya mwingine, na wengine walinikumbatia muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Nikatolewa eda hivyo.

Alasiri wingu likaja. Mabati ya nyumba ya Hafsa yakaanza kunguruma, na juu ya makuti yangu mvua ikasikika kwa mbali, kama mtu anapepeta. Harufu ya udongo ikajaa chumba. Warda alikuwa amekaa nami kwenye mkeka, Hafsa kasimama mlangoni na upawa mkononi. Mizani mia tatu na moja.

Kioo kikasema ishirini na tano. Nikamshika Warda goti. Ishirini na saba. Hakuna aliyemgusa, hatukusema neno. Kilichomwamsha sijui ni unyevu, sijui ni joto, sijui ni nini. Warda naye hajui, ndicho anachokitafuta. Thelathini, thelathini na nne. Majani yakasogea, pua ikatokeza.

Hafsa ndiye aliyekimbia na upawa wake kwenye mvua akarudi nao umejaa kumbikumbi. Tukamwekea. Akanusa, akala. Alikuwa anawatafuna kwa sauti, krap, krap, na sisi wanawake watatu tumeinama juu ya sanduku tunasikiliza, Hafsa machozi yanamtoka waziwazi.

Na katika kusikiliza ule utafunaji, likanijia. Ikiwa mume wangu asubuhi ile hakusikia, basi la mwisho alilosikia si la asubuhi. Ni la jioni. Jioni ile alisema mwili mzito, akaacha wali wake nusu, akapanda kitandani. Nami nilikuwa nimepoa. Nilimfunika shuka, nikazima taa, nikasema: "Lala, Baba Kheri. Nitakuamsha mimi nikirudi."

Miezi minne nimebeba neno silo.

Nikainuka nikaenda chumba cha mbele, ambako sikuwa nimelala tangu Juni. Nikakaa upande wake wa kitanda, nikapapasa shuka. "Lala, Baba Kheri," nikamwambia. "Ile ahadi ya kukuamsha nimeiondoa. Lala tu." Na hapo chozi lililokataa miezi minne lilikuja lote. Nililia kwa sauti, sikumwogopa mtu, nikalia mpaka nikajinyoosha palepale na nguo zangu mpya.

Yaliyofuata alinisimulia Warda. Anasema asubuhi jua lilikuwa limeshapanda na stendi ilikuwa imeshakosa kahawa. Hafsa alichemsha yake mwenyewe, akaja na kikombe mpaka mlangoni kwangu, akafungua mdomo aniite. Kisha akaufunga. Akasimama mpaka akauona mgongo wangu unapanda na kushuka, akarudi na kikombe chake jikoni.